Nibadilishe amplifaya, DAC na waya? Kuna tofauti ntaisikia au ntapigwa tu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina amplifaya ya mtumba ya Kijapani ya zamani, imeandikwa wati 60 kila upande, na spika mbili za mtumba za inchi 6 na nusu. Muziki napiga kwa simu kwa bluetuthi, mara nyingine fleshi. Sebule ni mita 4 kwa 3 na nusu, chini taili, spika nimezipanga ndani ya kabati la tivii. Nina milioni 1 na laki 8 nimeiweka pembeni. Dukani wameniambia nibadilishe amplifaya, ninunue na DAC ya pembeni (kifaa cha kugeuza muziki wa namba kuwa umeme wa sauti) na waya za spika za shaba isiyo na oksijeni, wakanichezea palepale na kweli nikasikia tofauti kubwa mno. Mke wangu anasema ntapigwa. Nani yuko sahihi?"

Marahaba kaka. Shemeji yuko sahihi kwa hivyo vitu vitatu ulivyotajiwa, ila asikuzuie kutumia hela moja kwa moja, maana kwa mpangilio ulionieleza kuna tofauti kubwa sana unaweza kuipata, tena sehemu yake nzuri tu ni ya bure. Kwa kifupi: amplifaya mpya, kama hiyo yako ni nzima, hutaisikia. DAC hutaisikia. Waya ndo kabisa, usithubutu. Spika mpya utazisikia hata ukiwa jikoni. Na chumba, yaani hiyo sebule ya taili na hilo kabati la tivii, ndo kinakuharibia muziki kuliko vyote ulivyonitajia, na umekitaja kwa kupita tu.

Tuanze na pale dukani, kwa sababu naamini umesikia kitu kweli. Sikio la binadamu lina tabia moja, ukilipigia wimbo uleule mara mbili, na mara ya pili umepandisha kidogo tu, desibeli 1 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), halikwambii "hapa sauti imepandishwa", linakwambia "hii ni safi zaidi, besi imejaa, mwimbaji kasogea mbele". Desibeli 1 ni kusogeza kitufe cha sauti upana wa kucha. Na besi inachangia sana, Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walishaonyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio linaisikia besi vibaya, ukipandisha besi inajitokeza haraka kuliko sauti za kati. Kwa hiyo muuzaji akikuunganishia amplifaya mbili bila kuzipima, ile inayopiga juu kidogo itashinda, kila siku, kwa kila mteja. Wala si lazima awe tapeli, inawezekana na yeye anaamini anachokwambia, maana masikio yake ni yaleyale.

Afu kuna macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman, waliwachukua wafanyakazi 40 wa kampuni hiyohiyo wakawapigia spika za aina 4, mara ya kwanza wanaziona, mara nyingine pazia limefungwa. Zikionekana, makubwa yenye mbao nzuri yalipata alama za juu na seti dogo la bei rahisi likaangushwa, pazia lilipofungwa lile dogo likapanda na pengo likapungua sana. Hawa ni watu wa hiyo kazi, wanalipwa kwa ajili ya sauti. Sasa wewe unasimama mbele ya mashine nyeusi yenye taa ya bluu, bei iko kwenye kikaratasi, kijana anakwambia "sikiliza hapa, umesikia hapo?", utaacha kusikia?

Haya, amplifaya. Kazi yake ni kuchukua umeme mdogo wa sauti na kuukuza bila kuongeza wala kupunguza kitu, basi. Mashine nyingi za Kijapani za miaka ya 70 na 80 zilikuwa zinaifanya hiyo kazi na upotoshaji wa chini ya asilimia 0.1, ambao kwenye muziki husikii. Gazeti la Marekani la Stereo Review mwezi wa kwanza 1987 lilitoa jaribio la kusikiliza bila kuona, amplifaya kuanzia ya dola 200 na kitu hadi za dola 12,000, wasikilizaji wakiwemo wale wanaoapa kwamba za bei mbaya ni mbingu na ardhi, na matokeo kwa ujumla yakawa yaleyale ambayo ungeyapata ukirusha sarafu. 

Watu wananiambia "lakini fundi hii mpya ina wati 120, yangu ni 60". Wati mara mbili ni desibeli 3 tu, utasikia imepanda kidogo ukifungulia mpaka mwisho. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, na hizo ni wati mara 10, yaani kutoka 60 uende 600. Na tena hizo 60 huzitumii. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 1 inatoa desibeli 86 mpaka 90 ukiipima mita 1 mbele yake, kwa hiyo kwenye sebule ya mita 4, ukiwa umekaa kwenye kochi, wati 1 kila upande tayari mnaongea kwa kupaza sauti. Hizo nyingine zinasubiri ngoma ipigwe kwa nguvu nusu sekunde halafu zinarudi kulala.

Hapo hapo nikuonye na vile vibandiko vya PMPO, yaani wati za kuvutia wateja. Unakuta sabufa imeandikwa mbele wati 12,000 kwa maandishi ya dhahabu. Igeuze nyuma, karibu na waya wa umeme kuna kibandiko kidogo kinasema inakula wati ngapi kutoka ukutani, mara nyingi utakuta 60, au 80. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula, ukitoa na joto inatoa pungufu ya hapo. Mi mtu akiniuliza nguvu ya redio yoyote ya dukani naanza kwa kuigeuza.

Kuna wakati amplifaya inasikika kweli, tusidanganyane. Ikiwa ndogo na wewe unaipeleka mpaka inakata vichwa vya mawimbi, ile sauti ya kukwaruza na kuchoma masikio, hiyo unaisikia na mwisho inakuunguzia tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Ikiwa spika zako ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na yenyewe haipendi chini ya 8, itapata moto na kujizima. Na hizi za mtumba zenye miaka 40, kapasita zimekauka, kitufe cha sauti kina vumbi, unakizungusha kinapiga kra kra na upande mmoja unapotea. Kama hiyo yako inafanya hivyo, ipeleke kwa fundi asafishe vitufe na swichi kwa dawa ya kusafishia kontakti, abadilishe kapasita zilizovimba, inarudi kazini. Zima kila kitu, weka sikio kwenye tuita, washa amplifaya bila muziki, kama kuna muungurumo mzito unaousikia mpaka kwenye kochi basi kuna kazi ya fundi hapo. Kama ni kasauti kadogo ka shiii unakasikia sikio likiwa limegusa wavu tu, achana nako.

DAC ntapita haraka. Simu yako ina DAC ndani, tivii ina DAC, kipokezi cha bluetuthi kina DAC, kila kitu kinachotoa sauti kutoka kwenye namba kina DAC ndani yake. CD ilipotoka 1982 iliwekwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, inabeba mpaka juu kidogo ya hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde) ambapo ndo mwisho wa sikio la kijana mwenye masikio mazima (watu wa makamo na kuendelea wengi wetu 15,000 hatufiki, tukubali tu), na tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa ni kama desibeli 96. Sebule ya kwetu ukiwa na feni, friji, na bodaboda inapita nje, ukimya wenyewe ni desibeli 35 mpaka 40, kwa hiyo hata hizo 96 huna pa kuziweka. Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha 2007 jaribio ambalo walichukua rekodi za hali ya juu kuliko CD wakaipitisha sauti yake kwenye kiwango cha CD, halafu wakauliza watu ni ipi ni ipi. Majibu 554, sahihi 276. Nusu kwa nusu. DAC ya pembeni inakufaa kama tundu la jeki la simu limechoka, au simu haina jeki kabisa, au ukichaji simu huku inapiga muziki unasikia mlio wa ziii kwenye spika, au tivii yako ina tundu la optiko tu na amplifaya ya zamani haina. Hapo unanunua kidogo cha bei ya chini kabisa na kinatosha.

Waya sasa. Hapa ndo huwa napandwa na hasira, maana watu wanauziwa waya kwa bei ya spika. Nenda duka la vifaa vya umeme, nunua waya wa shaba wa mm² 1.5 au 2.5, ule laini wenye nyuzi nyingi. Wa 1.5 una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita nzima. Wewe kutoka amplifaya mpaka spika ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10, inakuja omu 0.12. Spika yako ni omu 8. Unachopoteza hapo ni desibeli 0.1 na kidogo, na hata hicho kinapotea karibu sawasawa kwenye besi na trebo, kwa hiyo wala hakibadilishi ladha. Oksijeni ndani ya shaba haina uhusiano na chochote utakachosikia kwenye mita 5. Cha kuangalia ni kimoja, waya mnene unaong'aa shaba kwa nje lakini ukiukwangua kwa kisu ndani ni mweupe, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukinzani wake ni zaidi na unakatika ukiukunja kunja. Hata huo, kwa mita 5, ukiwa mnene bado muziki utapiga.

Ila kuna kosa la waya linalosikika sana na nalikuta kwenye nyumba nyingi, tena za watu wenye vifaa vya maana: spika moja imefungwa chanya na hasi sawa, nyingine kinyume. Spika moja ikisukuma nje nyingine inavuta ndani, besi zinauana katikati ya chumba, na mwimbaji ambaye alitakiwa asikike katikati ya spika mbili anasikika kama yuko kila mahali na hayuko popote. Mtu anaishi hivyo miaka, ananunua sabufa kufidia besi. Kukagua ni rahisi, chomoa waya za spika kwenye amplifaya, chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye waya unaoamini ni chanya na hasi kwenye mwingine, sekunde moja tu, huku mtu anaangalia koni ya spika, ile sehemu inayocheza. Ikiruka kwenda mbele, uko sahihi. Ikirudi ndani, geuza. Fanya spika zote mbili, halafu rudisha waya huku umeziwekea alama ya tepu. Nakuomba sana hili ulifanye leo kabla hujatumia hata mia. Na huku ukiwa hapo, kata ncha za waya zilizoota kijani, menya upya, maana mtumba umesafiri na unyevu na kontakti zenye kutu zinakatakata sauti.

Tuje kwenye nyimbo zenyewe, hapa ndo kuna tofauti ya kati na kati, inategemea unapiga nini. Nyimbo za YouTube sauti yake ni kama kilobiti 128 kwa sekunde kwa AAC, au inafika kama 160 kwa Opus (hizo ni njia mbili za kubana sauti), si mbaya hata kidogo. Tatizo ni zile zilizovutwa YouTube, zikageuzwa MP3, zikarushwa WhatsApp, zikapita kwenye fleshi ya konda wa daladala, mpaka zinakufikia upatu umekuwa mlio wa maji yanayochemka. Na faili likiandikwa 320 usilishangilie, kama lilitoka kwenye 128 likageuzwa kuwa 320 limenenepa tu, kilichotupwa hakirudi. Kubadilisha amplifaya ukiwa na nyimbo za hivyo ni kubadilisha sufuria wakati mchele una mawe. Lipia mwezi mmoja wa huduma yoyote ya muziki, weka ubora wa juu kwenye mipangilio (huwa umewekwa chini ili kuokoa bando), sikiliza wimbo mmoja unaoujua sana kutoka huko na uleule kutoka kwenye fleshi. Kati ya fleshi mbovu na kilobiti 320 za kweli utasikia. Kati ya 320 za kweli na CD, wengi hawasikii hata kwa hedifoni nzuri. Bluetuthi ya kawaida kabisa inabeba mpaka kama kilobiti 328, kwa hiyo na yenyewe usiisingizie sana, inachokera ni kukatikakatika na kuchelewa kwenye filamu.

Na kama wewe ni mtu wa dansi la zamani kama mimi, zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 60 na 70, nyingi zilirekodiwa mono, yaani spika zote mbili zinapiga kitu kilekile, bendi nzima kwenye studio moja. Zina utamu wake wa ajabu, magitaa yanaongea, ila hamna mashine ya kukuongezea trebo ambayo tepu haikuishika. Spika nzuri zitakuonyesha vizuri zaidi kilichopo, pamoja na ule mlio wa shiii wa tepu. Kuna jamaa wanaona hiyo ni hasara, wanasema spika mpya zimewaharibia nyimbo walizozipenda.

Sasa chumba. Simama katikati ya hiyo sebule piga kofi moja kavu. Ukisikia mlio wa trrrr unaofuata, ni sauti inagonga ukuta na ukuta, inarudi, inagonga tena. Kila neno la mwimbaji linafanyiwa hivyohivyo, ndo maana unaona muziki unachosha ukipandisha sauti, na tivii huelewi wanasema nini mpaka uongeze. Kuta za tofali zilizopigwa plasta, taili chini, dirisha kubwa la kioo, makochi ya ngozi bandia, nyumba nyingi za kisasa za kwetu ziko hivyo na kwa sauti ni mateso. Dawa yake ni vitu laini na vinene: zulia nene kati ya kochi na spika, pazia zito la kitambaa lenye mikunjo, makochi ya kitambaa, kabati la vitabu, nguo. Zulia la mita 2 kwa 3 litakupa tofauti ambayo shemeji ataisikia bila kuambiwa, tena huyo huyo ndo atakayefurahi kuliko wote. Trei za mayai ukutani achana nazo, ni karatasi nyepesi, zinagusa kidogo sauti za juu, besi hata hazijui kama zipo, na zikishika moto ni balaa.

Besi ni hadithi nyingine. Wimbi la besi ni refu, la hezi 43 lina mita 8, na nusu yake ndo urefu wa sebule yako, mita 4 kamili. Matokeo yake noti hiyo inasimama chumbani, ukiwa karibu na ukuta inavuma mpaka vikombe vinalia, ukikaa katikati ya chumba imepotea. Upande wa mita 3 na nusu una yake kwenye hezi 49, na dari ya mita 3 ina yake kwenye 57. Zote ziko palepale gitaa la besi linapoishi. Tofauti kati ya noti inayovuma na iliyozama inaweza kufika desibeli 15, 20, na wewe unataka kununua waya wa kurekebisha desibeli 0.1! Sogeza kochi lisiwe limegusa ukuta wala lisiwe katikati kabisa ya chumba, nusu mita tu mbele au nyuma uone besi inavyobadilika. Nimeona mtu amesogeza kochi akaanza kucheka peke yake.

Na spika zitoe kabatini, kaka. Ndani ya kabati besi inavimba kwenye noti moja, mbao za kabati zinatetemeka na kuimba na zenyewe, na sauti za kati zinagonga kingo kabla hazijatoka. Ziweke kwenye stendi au stuli mbili imara, tuita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kila moja nusu mita kutoka ukuta wa nyuma ukiweza, zisiwe kwenye kona, na umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kutoka spika hadi kichwani kwako. Zigeuze kidogo zikutazame. Fundi seremala anakuchongea stendi mbili kwa bei ya kawaida, au kwa kuanzia tumia matofali.

Ukishafanya hayo yote, ndo ujiulize spika zenyewe. Spika ndo kifaa pekee hapo ambacho bado kinakosea kwa desibeli nyingi, 3, 5, hata 8 huku na kule, na kila moja inakosea kivyake, ndo maana spika mbili tofauti hakuna anayeshindwa kuzitofautisha hata amefunga macho. Kingine ambacho Toole na wenzake walikionyesha kwa miaka mingi, watu wakisikiliza bila kuona wanakubaliana sana kuhusu spika ipi ni nzuri, ile yenye sauti iliyonyooka, isiyopendelea besi wala trebo, hata ukiwa umekaa pembeni yake. Za bei mbaya zipo zinazofeli hapo na za bei ya kati zipo zinazofaulu.

Kama bado una wasiwasi na amplifaya, jaribu mwenyewe kabla hujalipa. Azima hiyo mpya siku moja, au peleka ya kwako dukani. Piga mlio mmoja wa hezi 200 kutoka kwenye simu (zipo programu za bure), weka mita ya fundi umeme kwenye AC volti pale waya unapoingia spika, rekebisha sauti mpaka mashine zote mbili zisome sawa, mfano volti 2.00 na 2.00, zikipishana 2.02 siyo mbaya. Usitumie mlio wa hezi 1,000, mita hizi za bei rahisi zimetengenezwa kwa umeme wa hezi 50 na huko juu zinadanganya. Halafu shemeji awe nyuma anahamisha waya, amplifaya zizimwe kila anapohamisha, anarusha sarafu kuamua ipi, anaandika, wewe huoni. Mara 10. Ukipata 9, njoo uniambie na mimi nije nisikilize, maana kwa kubahatisha tu hiyo inatokea kama mara 1 kati ya mia. Ukipata 5 au 6, rudisha mashine ya watu na uwaamkie vizuri.

Hela zako basi, mi ningezigawa hivi. Laki 1 kwa fundi asafishe amplifaya, na kwa waya wa kawaida. Laki 3 au 4 kwa zulia, pazia na stendi. Sikiliza hivyo mwezi mzima, usinunue kitu, pengine utakuta umeridhika. Usiporidhika, iliyobaki yote iende kwenye spika, tafuta za mtumba za inchi 6 na nusu au 8 zilizotoka kwa kampuni inayojulikana kwa spika, hapo Dar zinaingia kwa wingi. Sabufa iache kwanza, na siku ukiichukua weka kitufe cha mkato (kinachoamua isipige juu ya wapi) kwenye hezi 80 na sauti yake iwe chini mpaka uisahau kuwa ipo.

Ukienda kuzikagua hizo za mtumba, vua wavu wa mbele, gusa ule ukingo laini unaoizunguka koni. Ukiwa wa raba na unarudi vizuri, sawa. Ukiwa wa foamu na unabaki kidoleni kama unga, umeshaoza, joto na unyevu wa kwetu ndo kazi yake, fundi anaweza kuweka mpya lakini bei ishuke kwanza. Sukuma koni taratibu kwa vidole vinne kuzunguka katikati, ikikwaruza ndani koili imeungua au imepinda, ziache. Kisha piga wimbo wenye manyanga na upatu, sogeza sikio kwenye kila tuita moja moja, maana tuita moja kufa ni ugonjwa wa kawaida sana na muuzaji hatakwambia. Akikukataza kuvua wavu, mwambie asante na uendelee na duka linalofuata.